Mama Jean-Pierre wa Pinga

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Butembo, nimeinama juu ya rundo la viazi, niliposikia mtu nyuma yangu akiita kwa upole, "Mama Jean-Pierre." Sina mtoto anayeitwa Jean-Pierre. Nina wasichana wawili, na hata miongoni mwa binamu zao hakuna mwenye jina hilo. Lakini niligeuka kabla sijafikiri, kwa sababu watu wanaoniita hivyo duniani wanahesabika, na wote najua walikotokea. Alikuwa Prefe. Ndivyo kwetu tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari, na huyu aliongoza shule moja ya Pinga, kule Walikale, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa amestaafu, amekonda, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na alikuja Butembo kumwona mjukuu aliyezaliwa. Niliacha viazi vyangu kwa muuzaji, tukaingia mgahawa wa jirani, tukaagiza chai ya maziwa na mandazi. Kabla chai haijafika alikuwa ameanza kucheka, mabega yanatikisika, hawezi kusema neno.

"Prefe, ungali unakumbuka?" nilimuuliza.

"Nitasahau namna gani?" alisema akifuta macho kwa kitambaa. "Nilikuwa na batoto makumi tano na munane, kila mumoja na baba yake. Asubui moja nakuta wote iko na baba mumoja."

Tulikaa pale mpaka chai ya pili ikapoa. Aliponiacha nilirudi nyumbani bila viazi, nikawaeleza wanangu kwa nini, na wakaniambia niandike. Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Kila mwaka, nikifika kwenye somo la njia za mafaili, wanafunzi wangu huona kwamba ninakuwa mkali kidogo na huku ninatabasamu, na hawaelewi. Yote niliyo nayo ya maana katika kazi hii niliyapata mwaka ule, na sikuyapata darasani.

Mwaka ule nilifanya kazi Kitshanga, katika studio ya picha ya Papa Kambale. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa maneno machache, mwenye pikipiki za usafiri, duka la vipuri, na hiyo studio aliyoifungua kwa sababu, alivyosema, watu wanaweza kukosa sukari lakini hawawezi kukosa sura yao. Chumba chetu kilikuwa cha mbao, kimebanwa kati ya duka la vipuri na uwanja ambapo waendesha pikipiki walisubiri abiria. Ukutani kulitundikwa pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari na ndege ikipita juu yake. Wafugaji walioleta ng'ombe sokoni walipenda kusimama mbele ya ndege, na maharusi walipenda ngazi. Kona ya pili ilikuwa na kompyuta kubwa ya mezani, printa, na kiti changu chenye mto uliojazwa majani makavu ya migomba. Dirishani tuliona kilima chenye mahema ya wakimbizi, meupe mpaka juu, na kila Jumapili mahema yale yalituletea wateja waliovaa vizuri kuliko sisi. Umeme ulitoka juani. Mawingu yakikaa, tulikaa nayo.

Saa sita Mama Kavugho, mke wa Papa Kambale, alituma sufuria. Sijala tena maharage kama yale. Aliyapika na ndizi mbichi, akatia kitunguu mwishoni badala ya mwanzoni, na siku ya soko aliongeza kipande cha jibini ya Masisi alichokikata kwa uzi. Tulikula mimi na Bahati, mpiga picha wetu, mwanaume wa miaka thelathini hivi aliyezunguka vijijini kwa pikipiki na kamera shingoni. Tulikula bila kuzungumza sana, kwa sababu ukuta wa mbao ulituletea mazungumzo ya waendesha pikipiki, na yalikuwa matamu kuliko yetu. Tulijua daraja gani limekatika, nani ameoa mara ya pili bila kumwambia wa kwanza, na ni mganga gani wa Mweso aliyeibiwa kuku wake mwenyewe. Mara nyingi Bahati alishika kijiko hewani akisubiri mwisho wa hadithi, na mhadithiaji akapata abiria akaondoka. Hatukujua mwisho wake mpaka leo.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuja kabla ya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Kila mwanafunzi alihitaji fishi, yaani karatasi rasmi ya kujiandikisha, yenye picha yake, jina lake, na mahali shule yake ilipo. Shule tatu zilitukabidhi kazi hiyo: moja ya Kitshanga, moja ya Muheto, na ile ya Pinga. Karatasi tupu zilitoka ofisi ya mtihani, iliyokuwa hapohapo Kitshanga, zimehesabiwa na kupigwa mhuri. Kuandika fishi zaidi ya mia mbili kwa mkono kungetuchukua wiki nzima, nami nilikuwa nimefundishwa programu Goma kwa miezi sita na nilikuwa na kiburi cha miezi sita. Nikamwambia Papa Kambale kwamba kompyuta itazijaza zote yenyewe. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Sawa. Weye njo unajua," yaani wewe ndiwe unayejua.

Lazima nieleze jambo moja la kazi, nalo si gumu. Kila faili ndani ya kompyuta lina njia yake, kama mtu anavyoelekezwa nyumba: kwanza mtaa, halafu kiwanja, halafu mlango. Picha ya mwanafunzi wa Muheto ilikuwa na njia hii: Picha/Muheto/DSC_0041.JPG. Kipande cha mwisho ni jina la faili. Vyote vilivyo mbele yake ni dosie, yaani folda, ambamo faili linakaa. Sasa, kamera ya Bahati ilianza kuhesabu upya kila tulipobadilisha kadi, kwa hiyo kulikuwa na DSC_0041 ya Kitshanga, nyingine ya Muheto, na nyingine ya Pinga. Jina la faili halikukwambia kitu. Ukitaka kujua mtoto huyu ni wa wapi, ilikubidi usome dosie. Basi niliandika mistari michache: programu itafute ule mstari mdogo ulioinama, tuliouita bare, ule wa mwisho kabisa kwenye njia, ichukue vyote vilivyo kabla yake, halafu ichapishe jina la dosie hiyo kwenye nafasi ya "mahali pa shule". Lugha ile ya programu ilikuwa na zana yake tayari kwa kazi hiyohiyo. Niliiona kitabuni nikaipita. Nilitaka kukata kwa mkono wangu.

Nilijaribu na Kitshanga, ikaandika Kitshanga. Nilijaribu na Muheto, ikaandika Muheto. Bahati alipiga makofi, na Papa Kambale akaja kusimama nyuma ya kiti changu akiangalia fishi zikitoka moja moja, mikono mgongoni, kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani akizaa. Orodha ya Pinga ilifika siku chache baadaye. Bahati aliitengeneza hukohuko kwenye kompyuta yake ndogo ya safari, akaniletea kwenye flash pamoja na picha. Jua lilikuwa zuri, printa ilikuwa na wino, na nilikuwa na miadi ya kusuka nywele. Nilibonyeza, nikaangalia karatasi ya kwanza kama picha imekaa sawa, nikaondoka. Bahati alizifunga fishi hamsini na nane kwenye bahasha, zikapanda pikipiki kwenda Pinga, wanafunzi wazitie saini na Prefe apige mhuri wa shule.

Wiki moja baadaye, Jumanne asubuhi, nilikuwa nakunywa chai huku nasikiliza ukuta. Mwendesha pikipiki mmoja aliyetoka kuingia alikuwa anawasimulia wenzake.

"Nimebeba prefe ya Pinga toka kwa ofisi ya mtihani," alisema. "Njiani iko nasikitika, iko nasema peke yake. Ofisi imekatala fishi yake yote."

"Juu ya nini?"

"Kwa fasi ya kuandika masomo, fasi ya shule, kwa batoto yote, imeandikwa J.P. Muntu wa ofisi anamuuliza: huyu Jean-Pierre ni nani, mwenye anazaa batoto makumi tano na munane, na wote banamaliza sekondari mwaka moja?"

Uwanja mzima ulicheka. Bahati alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka chai ikanipalia, na nilikuwa bado nakohoa mlango ulipofunguliwa akaingia mwanaume mrefu mwenye koti lenye matope mpaka kifuani, bahasha mkononi. Hakusalimu. Alitoa fishi moja, akaiweka mbele yangu juu ya kibodi, akaweka kidole mahali pa shule. Pameandikwa: 0041.JP.

Niligeuza ya pili: 0042.JP. Ya tatu. Zote. Nafasi ya kuandikia ilikuwa fupi, maandishi yalipangwa kuanzia kulia, kwa hiyo ukingo wa karatasi ulikuwa umekula mwanzo wa maneno na kuacha huo mkia.

"Mama," Prefe alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "ofisi inasema mwanafunzi bila masomo si mwanafunzi. Itatupa karatasi mupya mara moja tu. Siku ya posho, mbele ya saa sita, inafunga."

Posho kwetu ni Jumamosi. Kwenda Pinga kwa pikipiki wakati wa mvua ni siku moja na nusu, na kurudi vilevile, na kila mwanafunzi ilimpasa aweke saini mpya kwa mkono wake. Nilimuuliza Bahati kama hakuona lile neno alipokuwa anafunga bahasha. "Nililiona," alisema, "nikasema labda njo kizungu ya ordinatere." Ordinatere ndiyo kompyuta. Prefe naye aliinamisha kichwa. Aliliona pia alipopiga mhuri. Alidhani ni alama ya siri ya ofisi. Watu watatu tulikuwa tumeiheshimu mashine kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Mama Kavugho alisikia, akatuma chakula saa tatu asubuhi, na akaja mwenyewe kusimama mlangoni mpaka Prefe akubali kula. Mimi nilikaa mbele ya programu yangu, naisoma na kuisoma, na kila mstari ulionekana hauna kosa. Papa Kambale alivuta kigoda akakaa pembeni. Hakujua kusoma programu, lakini aliniomba nimweleze kila mstari kwa maneno ya kawaida. Nilimweleza: hapa inatafuta bare ya mwisho, hapa inakata mbele yake.

"Na kama haione bare," aliuliza, "inafanya nini?"

"Itaiona, Papa. Kila njia iko na bare."

"Apana. Mimi nauliza: kama haione. Nikituma shofere, nikamuambia, simama fasi ile iko barieri. Akakuta barieri haiko, bameitosha. Atasimama wapi?"

Nilifungua orodha ya Pinga, na kwa mara ya kwanza nikaitazama. Picha\Pinga\DSC_0041.JPG. Kompyuta ya safari ya Bahati ilitumia mfumo mwingine, na mfumo ule huandika bare iliyolala upande wa pili. Jicho la mtu halijali mstari umelala kulia au kushoto. Programu yangu ilikuwa inatafuta ule wa kulia tu, na haukuwepo. Lugha ile ikitafuta kitu ikakikosa, inajibu "toa moja", moja chini ya sifuri. Na ikiambiwa ikate mpaka "toa moja", inaelewa kwamba inatakiwa kuacha herufi moja ya mwisho. Basi ilifanya hivyo kwa utii wote: ilichukua njia nzima, pamoja na jina la faili, ikaacha herufi G, ikachapisha. Nilicheka peke yangu, kicheko cha kilio. Papa Kambale alitaka kujua, nikamwonyesha. Aliangalia ile bare ya kulia, akaangalia ya kushoto, akainuka akasema, "Kumbe hii njo imeleta Prefe na matope yote." Akaenda kutafuta pikipiki mbili.

Leo wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini sikutumia zana iliyokuwa tayari, nawaambia ukweli: kwa sababu ya kiburi. Na nawaambia ukweli wa pili, ambao hawaupendi: hata hiyo isingeniokoa siku ile, maana kwenye mashine yangu nayo iliijua bare ya kulia tu. Ingeacha mahali pa shule patupu. Lakini patupu mtu angepaona. Kosa linaloonekana kama jibu ndilo linalosafiri mpaka Pinga.

Ofisi ilitoa karatasi mpya. Programu ilifundishwa bare zote mbili, nikasoma fishi zote hamsini na nane moja moja kwa sauti, Bahati akifuata kwa kidole: Pinga, Pinga, Pinga. Ningeweza kumkabidhi Prefe bahasha nikabaki. Lakini kosa lilikuwa langu, na sikutaka wanafunzi wale walisikie kutoka kwa mtu mwingine. Jumatano tuliondoka, Prefe kwenye pikipiki ya mbele, mimi ya nyuma. Bahasha niliifunga kwenye plastiki mbili, nikaiweka tumboni, nikaizungushia kitenge, nikavaa koti la mvua juu yake.

Mvua ilitupokea baada ya Mweso na haikutuacha. Kuna mahali tulisukuma pikipiki kuliko zilivyotubeba. Kwenye kila kijito walikuwepo vijana wenye mbao, wanatandika daraja unapofika na kuliondoa ukishapita. Tulipofika Kalembe nilikuwa nimejaa matope mpaka nyusi, natembea nimeshika tumbo kwa mikono miwili nikilinda fishi, na wamama waliokuwa wamejikinga barazani mwa duka moja walipoona hivyo wakasimama wote mara moja. Mmoja alinitolea kiti. Mwingine aliniletea uji wa moto.

"Mutu gani anapandisha mwanamuke wa hali hii pikipiki?" mmoja alimgombeza Prefe. "Weye njo bwana yake?"

Prefe aliniangalia. Nilimwangalia. Uji ulikuwa mtamu na kiti kilikuwa kikavu, na tulikuwa tumechoka mno kueleza habari za bare.

"Imebakia siku ngapi?" mama wa uji aliniuliza kwa huruma.

"Mpaka siku ya posho," Prefe alijibu kwa niaba yangu.

"Na jina bameisha kuchagua?"

Prefe, ambaye tangu Jumanne hakuwa ametabasamu hata mara moja, alivua kofia yake, akakamua maji. "Jean-Pierre," alisema.

Mwendesha pikipiki wangu alilazimika kwenda kuchekea nyuma ya nyumba. Wale wamama walinibariki, mmoja akanipa mayai mawili ya kuchemsha kwa ajili ya mtoto, na tulipoondoka waliniita Mama Jean-Pierre. Jina lilifika Pinga kabla yangu. Sijui lilipita wapi. Sisi tulikuwa na pikipiki.

Tulilala njiani, kwa shangazi wa Prefe, tukafika Alhamisi mchana. Wanafunzi walikuwa wanasubiri darasani, madirisha yasiyo na vioo, mvua inapiga mabati. Wengi walikuwa watu wazima kuliko nilivyotarajia. Vita viliwatoa makwao wakarudi, viliwatoa tena, na kila kutoka kulikula mwaka wa masomo. Prefe aliniachia nafasi mbele. Nilisema jina langu, nikasema fishi zao nimeziharibu mimi, wala si yeye wala ofisi, na kwamba naomba msamaha, na kwamba nimeleta mpya. Kisha mmoja nyuma akaita, "Mama Jean-Pierre," na darasa zima likalegea kwa kicheko.

Walianza kuja mezani kutia saini. Wa tano au wa sita alikuwa msichana anayeitwa Espérance, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mrefu, amefunga kitambaa cha kijani. Aliichukua fishi, akarudi nayo kwenye benchi, akaketi kuisoma. Prefe alimwambia afanye haraka.

"Prefe, ile ya kwanza nilisaini bila kusoma," alisema. "Nimepoteza miaka mbili juu ya kukimbia. Siwezi kupoteza ya tatu juu ya kutosoma." Alimaliza kusoma, akaweka saini, halafu akaniangalia. "Mama, unaweza tuonyesha vile ile ordinatere ilikosa?"

Nilitaka kusema hatuna muda. Lakini chaki ilikuwepo. Niliandika ubaoni njia mbili, moja na bare ya kulia na nyingine na bare ya kushoto, nikachora mkasi, nikaonyesha unakokata na unakoshindwa kukata. Huku wenzao wakisaini, waliobaki walisogea mbele. Wengi hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Waliielewa bare kwa dakika kumi. Walibishana. Kijana mmoja alisema kosa ni la kompyuta ya Bahati. Mwingine akasema apana, muntu akifika kwenu na kusema lugha ingine, si yeye amekosa. Espérance alisubiri mpaka wanyamaze.

"Mimi naona kosa iko fasi ingine," alisema. "Ilitafuta, ikakosa. Sasa juu ya nini haikuuliza?"

"Sikuiambia iulize," nilijibu.

"Na ile umetengeneza sasa, unaiambia?"

Nilikuwa nimeifundisha bare ya pili, basi. Siku ikija njia isiyo na bare yoyote, ingekata tena herufi ya mwisho na kunyamaza. "Bado," nilisema. "Nikifika Kitshanga." Nilirudi nikafanya hivyo: ikikosa, isimame, iandike kwa herufi kubwa HAIJUI MAHALI, wala isichapishe kitu. Nimeandika programu nyingi tangu wakati ule, na katika kila moja nimeweka mahali pa kusimama na kuuliza. Mahali pale nimewekewa na mwanamke ambaye siku hiyo alikuwa hajawahi kuona kompyuta.

Jioni tulikula kwa Prefe, fufu ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese na samaki wa mtoni, wanafunzi kadhaa wamejazana mlangoni wakiendelea kubishana. Ijumaa alfajiri tuligeuza njia. Jumamosi tuliingia Kitshanga saa nne na robo, na yule karani wa ofisi akaturusha roho kwa kuzipitia fishi zote hamsini na nane taratibu, akilamba kidole kila baada ya karatasi. Mwisho alizipiga mhuri. "Sasa hawa ni wanafunzi," alisema. Prefe alitoka nje, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu vyake, akaviangalia kwa muda mrefu kama vya mtu mwingine.

Mtihani ulifanyika. Matokeo yalitoka miezi kadhaa baadaye, kwa ujumbe wa simu, na kwa wiki nzima Kitshanga ilinuka poda, maana kwetu mtu aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe ya watoto kichwani mpaka nyusi zipotee. Kutoka Pinga habari zilichelewa. Siku moja ya soko, saa tano hivi, Espérance aliingia studio na mkoba mgongoni. Alikuwa safarini kwenda Goma kutafuta shule ya ualimu. Alifaulu, kati ya hamsini na nane walifaulu arobaini na moja. Alituambia hivyo kwa utulivu, amesimama wima mbele ya pazia.

"Kule kwetu poda ilikuwa imeisha kwa duka yote," alisema. "Balinimwangia unga ya muhogo. Na hakukuwa muntu wa kupiga picha."

Bahati alishika kamera. Papa Kambale, aliyekuwa dukani kwake akihesabu misumari, alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Hakuja mara moja. Tulisikia mlango wa duka ukifungwa, hatua zikienda upande wa soko, na baada ya muda akarudi na makopo mawili ya poda chini ya kwapa, uso wake wa misa ya kwanza haujabadilika. Nilipoona makopo nilikimbilia kompyuta na printa nikazifunika na kitenge changu, na nilikuwa bado nafunga fundo kopo la kwanza lilipomwagika. Mama Kavugho aliyeleta sufuria aliiweka chini akachukua la pili. Waendesha pikipiki wakaacha abiria wao wakaja mlangoni kuimba. Poda ilipanda mpaka kwenye mabati, ikashuka juu ya maharage, juu ya koti la Papa Kambale, juu ya ngazi za lile jumba na juu ya ndege, mpaka hatukuonana.

"Piga sasa," Espérance alisema kutoka ndani ya ule weupe. "Nimefunga macho, lakini weye piga."